Mzigo Kwanza, Pikapu Baadaye

Anayetafuta pikapu hapa kwetu huanza na jina. Hilux au D-Max? Hardbody au L200? Baada ya jina hufuata mwaka, rangi, idadi ya milango, na mwisho bei. Swali lililostahili kutangulia yote hayo huachwa mpaka gari limekwisha kununuliwa: litabeba kilo ngapi, kwa njia ipi, na mara ngapi kwa wiki?

Kwa familia nyingi za Tanzania na Kenya, pikapu ndiyo mali kubwa kuliko zote baada ya nyumba na shamba. Hununuliwa kwa kiinua mgongo, kwa mkopo wa SACCOS, au kwa akiba ya misimu kadhaa ya mpunga na vitunguu. Ikilala gereji mwezi mmoja, ada ya shule hukwama na wateja huhamia kwa mwingine. Anayekosea kuchagua anapoteza mtaji. Na kwa miaka niliyokaa karibu na magari haya na mafundi wake nimeshawishika kwamba pikapu nyingi zinazokufa mapema huuawa na mzigo ambao mwenyewe hakuwahi kuupima.

Tuanze na hesabu. Hilux, D-Max, L200, Ranger na nyingine za ukubwa huo ziko katika daraja la tani moja. Baadhi huzidi kidogo, nyingine hupungua, na takwimu kamili iko kwenye kitabu cha gari. Tani hiyo haihusu mzigo wa nyuma peke yake. Ndani yake wamo watu waliokaa kwenye kabini, na vimo vyote vilivyofungwa baada ya gari kutoka kiwandani: bampa zito la chuma, kanopi, keria, tairi ya pili ya akiba. Watu watano wa kilo 70 ni kilo 350. Dabo kabini iliyojaa watu, yenye bampa na kanopi, imebakiwa na nafasi ya kama nusu tani tu, hata kabla mtu hajafungua mlango wa nyuma.

Bodi nayo hudanganya macho. Bodi ya kabini moja ina urefu wa kama mita 2.3, upana wa mita 1.5 na kina cha nusu mita kasoro kidogo. Ukiijaza mchanga mkavu mpaka ukingoni umepakia takriban mita moja na nusu za ujazo, na kila mita ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani 1.6 hivi. Gari la tani moja limebebeshwa karibu tani mbili na nusu, na mvua haijanyesha bado. Saruji husema ukweli, maana mfuko ni kilo 50 na mifuko 20 ndiyo tani. Maji nayo hayana siri: tenki la lita 1,000 likijaa ni tani kamili, mbali na tenki lenyewe na dereva.

Mtego mkubwa uko kwenye mazao. Kanuni za vipimo za Tanzania zinataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa miaka, lakini lumbesa ingali hai. Kenya imeweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko wa viazi kwa sababu hiyo hiyo. Lumbesa huzungumzwa sana kama dhuluma kwa mkulima, na ni dhuluma kweli. Mwenye pikapu naye anadhulumiwa, ila yeye hapigi kelele kwa kuwa hajui. Anakubali kubeba magunia kumi akiamini ni tani moja. Kila gunia likiwa na kilo 130, amebeba kilo 1,300 na amelipwa kwa hesabu ya gunia. Kilo 300 amezibeba bure, kwa springi zake, kwa tairi zake na kwa dizeli yake. Akifanya hivyo msimu mzima wa mavuno, faida aliyoiandika kwenye daftari itaishia dukani kwa muuza spea.

Tiba yake ni mizani, na mizani ipo. Maghala makubwa, viwanda vya kuchambua pamba na baadhi ya mashine za kukoboa mpunga vina mizani ya magari. Pima gari likiwa tupu, mara moja tu, uandike. Kisha lipime likiwa na mzigo wako wa kawaida. Tofauti ya tarakimu hizo mbili itakufundisha kuhusu pikapu unayoihitaji kuliko mazungumzo ya wiki nzima na madalali. Anayegundua kwamba mzigo wake wa kila siku ni tani moja na nusu ahamie kwenye Canter au kigari kingine cha daraja hilo. Pikapu haitamfaa hata akiibadili jina mara tatu.

Wengi hawafanyi hivyo. Gari likianza kuketi nyuma, ushauri wa kwanza wa mtaani ni kuongeza majani ya springi. Hili nataka kulieleza taratibu, kwa sababu linagharimu maisha ya watu. Springi ngumu huinua bodi. Haziongezi uimara wa chesisi, beringi wala ekseli, na breki huzidhuru. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za zamani, zina vali ya kugawa nguvu ya breki kulingana na mzigo. Iko chini ya gari, upande wa nyuma, na imeunganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba ya chuma. Gari likiwa tupu, nyuma ni kwepesi, hivyo vali hupunguza breki za nyuma ili tairi zisijifunge na kuteleza. Likipakiwa, chesisi hushuka kuelekea ekseli, fimbo husogea, na vali huziruhusu breki za nyuma kukamata kwa nguvu zaidi. Sasa ongeza majani matatu ya springi. Chesisi haishuki tena. Vali inaamini gari ni tupu ilhali mgongoni mna tani moja na nusu, na breki za nyuma zinabaki dhaifu. Kazi yote ya kusimamisha gari inabebwa na breki za mbele. Katika mteremko wa Kitonga au Sekenke, au ukishuka kuelekea Mai Mahiu, breki hizo hupata moto mpaka zikaacha kushika.

Fundi anayeongeza majani bila kuigusa vali hiyo ameacha kazi nusu, na mwenye gari ana haki ya kumuuliza. Zaidi ya hapo, juu ya magunia hayo mara nyingi wamekaa vibarua, akina mama wanaokwenda mnadani, watoto wanaorudi shule. Hawana mkanda wala cha kushika isipokuwa kamba ya turubai. Sijawahi kusikia hoja ya biashara inayotosha kuhalalisha jambo hilo.

Mahali mzigo unapokaa pana uzito sawa na mzigo wenyewe. Katika kabini moja, katikati ya bodi iko karibu juu ya ekseli ya nyuma. Katika dabo kabini, bodi ni fupi, kama mita 1.5, na kabini imeisukuma nyuma, hivyo katikati yake iko nyuma ya ekseli. Mzigo wa namna hiyo hukandamiza mkia na kuinua pua: usukani huwa mwepesi, tairi za mbele hushika vibaya, na chesisi hupindwa kila gari linapopita kwenye shimo. Ndiyo maana chesisi zilizopasuka nyuma ya kabini huonekana zaidi kwenye dabo kabini zilizogeuzwa malori. Anayelazimika kubeba kitu kizito kwa gari la namna hiyo akisogeze mpaka kigote ukuta wa kabini, akifunge hapo, na vitu vyepesi vikae mkiani.

Kwa hiyo naona dabo kabini imenunuliwa kupita kiasi katika nchi zetu. Inafaa kwa mkandarasi anayezunguka na mafundi wanne na vifaa vyao, kwa bwana shamba, kwa familia inayoishi mjini na kulima kijijini. Anayeishi kwa kusafirisha mizigo ananunua viti vya nyuma ambavyo vitakaa vitupu, na kuvilipia kwa kupoteza theluthi ya bodi. Heshima ya milango minne naielewa, lakini hailipi mkopo.

Na wapo wasiohitaji hata pikapu ya tani moja. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, zilitengenezwa kwa kanuni za Japani zinazoweka injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu usizidi mita 3.4 na mzigo usizidi kilo 350. Kwa muuza maji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayepeleka mabati mawili matatu, au anayesambaza mikate Kariakoo na Manzese, ni chombo bora: inapita kwenye uchochoro, inakunywa mafuta kidogo, na bodi yake iko chini kwa kupakia. Inayoharibika ni ile iliyobebeshwa tani.

Upande wa pili kabisa iko Land Cruiser ya bodi, ile ya 79, yenye injini ya 1HZ: silinda sita, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Mashirika, migodi na kampuni za utalii huipenda kwa sababu nzuri. Chesisi yake ni nene, springi za nyuma ni za kazi, na injini yake husamehe mengi. Lakini hula mafuta, na bei yake, hata iliyochoka, hushinda ya Hilux iliyo nzuri. Asiyekwenda Loliondo, Katavi au Turkana kila mwezi atakuwa analipia uwezo asioutumia.

Hapo linaingia suala la kuvuta kwa tairi zote nne. Jibu lake lipo kwenye barabara yako ya mwezi wa nne. Kama masika hufunga njia ya shamba lako, kama unapita kwenye udongo mweusi wa mbugani unaonata kama gundi, nunua. Kama safari zako zote ni lami na changarawe iliyoshindiliwa, utabeba difu ya mbele na propela ya ziada kwa miaka kumi bila faida. Anayenunua ajue pia namna ya kuitumia. Hilux na nyingi za daraja lake hazina difu ya katikati, kwa hiyo ukiziunganisha tairi zote nne kwenye lami kavu, ekseli za mbele na nyuma hushindana kila unapokata kona, na kitu kitavunjika. Lakini kuiacha bila kuitumia nako ni kuiharibu: vitabu vya Toyota hushauri kuiunganisha kwa kilomita 16 angalau mara moja kwa mwezi, ili oili izunguke kwenye sehemu za mbele. Ifanye kwenye vumbi. Na ukivuka mto, kagua oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia.

Injini sasa. Hilux zilizotoka kabla ya katikati ya miaka ya 2000 nyingi zilikuja na dizeli za 3L na 5L, zenye pampu ya kawaida na zisizotegemea kompyuta. Hazina mbio, lakini fundi wa Tunduma au Kitale anazifungua kwa spana alizo nazo. Kisha zikaja 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, na baadaye 2GD na 1GD. Hizi zina nguvu zaidi kwa mafuta machache zaidi, lakini dizeli yake husukumwa kwa mgandamizo unaozidi bar 1,000 kupitia tundu ndogo kuliko ncha ya sindano. Maji kidogo au mchanganyiko wa mafuta ya taa huitafuna pua ya nozeli, na nozeli nne ni bei ya ng'ombe kadhaa.

Uchakachuaji wa dizeli tunaufahamu. Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida ya kuyachanganya, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018 kwa lengo hilo hilo. Hali imekuwa bora, lakini dizeli ya madumu kandokando ya barabara ipo, na injini hizi mpya haziivumilii. Mwenye 2KD au 1GD ajaze kwenye kituo kimoja anachokiamini, afungue bomba dogo la chini ya filta ya dizeli kuyatoa maji, na asiruke muda wa kubadili filta hiyo. Asiyeweza hayo, kwa sababu ya anapoishi, atafute injini ya zamani na asione haya.

Mkanda wa taimingi ni jambo fupi lakini la lazima. 3L, 5L, 1HZ, 1KD na 2KD zote zina mkanda, ambao huhesabiwa kilomita 100,000, au 150,000 katika baadhi ya masoko. 4D56 ya L200 ina pia mkanda wa pili wa kutuliza mtetemo. 1GD na 2GD zina cheni. Ukinunua gari lililotumika na muuzaji hana ushahidi wa lini mkanda ulibadilishwa, badilisha. Ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na umenunua injini nyingine.

Magari yenyewe yatoke wapi? Hilux iliacha kuuzwa Japani mwaka 2004 na ikarudi mwaka 2017, ikitengenezwa Thailand. Ndiyo sababu anayetafuta Hilux ya miaka hiyo, maarufu kama Vigo, kwenye yadi za Japani hupata shida, na ndiyo sababu nyingi huletwa kutoka Thailand na Uingereza. Za Uingereza zitazamwe chini kwa tochi, kwa maana huko humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi, na chumvi hula chesisi kutoka ndani. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo. Sauti iliyokufa na magamba yanayodondoka vinatosha kukuondoa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, hivyo anayetaka injini za zamani huko atazipata kwa waliozinunua zamani. Huko pia D-Max ina hoja yenye nguvu: huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, iliyokuwa General Motors East Africa mpaka mwaka 2017, na fundi na spea hupatikana mpaka miji midogo. Minada ya magari ya serikali na mashirika nayo hutoa pikapu nzuri, mradi uende na fundi wako, usome namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na kuilinganisha na kadi, na utafute alama za kuchomelewa.

Katika matunzo nitataja yale yanayofanywa vibaya zaidi. La kwanza ni kung'oa themostati. Gari likichemka mara moja, inatolewa na kutupwa, eti nchi yetu ni ya joto. Themostati huifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakiza hapo. Bila hiyo dizeli huungua vibaya, hutoa masizi, na silinda huchakaa. Katika baadhi ya injini themostati pia huziba njia ya mkato ya maji; ukiitoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na ugonjwa uliotaka kuuponya unazidi. Gari linalochemka lina rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, feni dhaifu au gasketi iliyoungua. Tafuta chanzo. Na uweke kulanti. Maji ya kisima ya Pwani yana chumvi ya kutosha kuimaliza rejeta.

La pili ni klina ya hewa. Vumbi la kiangazi cha Dodoma au Kajiado likipita kwenye karatasi iliyotoboka, linaisaga injini kama msasa. Ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, na ikichakaa itupwe. Pamoja na hiyo, jointi za propela zipewe grisi kila oili inapobadilishwa. Nani asiyeweza kununua grisi?

La tatu ni tairi. Pikapu ya kazi inataka tairi zenye herufi C, zilizojengwa kwa mizigo, na si za gari dogo zilizonunuliwa kwa kuwa zinaingia kwenye rimu. Ubavuni mwa tairi mna namba ya uwezo: 104 ni kilo 900, 106 ni kilo 950, 112 ni kilo 1,120. Zidisha kilo hizo mara mbili, ulinganishe na uzito wa ekseli ya nyuma, unaoupata ukipandisha tairi za nyuma peke yake kwenye mizani. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri na umri wa miaka kumi litapasuka siku ya mzigo na jua.

Kwa mkulima au mfanyabiashara wa kawaida, anayebeba nusu tani mpaka tani moja kati ya shamba, soko na duka, ushauri wangu ni kabini moja, yenye kuvuta tairi zote nne ikiwa tu masika ya kwao yanaidai, na yenye injini ambayo fundi wa wilaya yake ameshaifungua na kuifunga ikafanya kazi. Asimalize fedha zote kwenye bei ya gari. Abakize za mkanda wa taimingi, filta zote, kulanti na tairi nne zenye herufi C, na kazi hiyo ifanyike kabla hajapakia gunia la kwanza.